Nani Analinda Maji Gani, kutoka Manama hadi Vanga

Manama

Makao makuu ya Kikosi cha Tano cha Jeshi la Wanamaji la Marekani yako Juffair, mtaa wa maghorofa ya kupangisha, migahawa ya baga na maduka ya kubadilishia fedha. Mpita njia huona ukuta mrefu na foleni ya magari getini, basi. Lakini amri zinazotoka nyuma ya ukuta huo hufika Ghuba yote, Ghuba ya Oman, Bahari ya Shamu, Bahari ya Arabu na kipande kikubwa cha Bahari ya Hindi. Kwa hesabu yao wenyewe ni maili za mraba takriban milioni 2.5, na ndani yake imo milango mitatu ambayo biashara ya dunia haina budi kuipita: Hormuz, Bab el Mandeb na Mfereji wa Suez.

Nilifika huko na swali la mtu wa pwani. Maji ya kwetu, yanayopiga Lamu, Mombasa, Tanga na Kilwa, kwenye ramani za wakubwa hawa yako chini ya nani? Na likitokea jambo ndani yake, anayejibu ni nani?

Mgawanyo wenyewe una umri mkubwa kuliko dola nyingi za Afrika. Machi 1943, Admirali Ernest King, mkuu wa wanamaji wa Marekani wakati wa vita, alivipa vikosi vyake namba: witiri kwa Pasifiki, shufwa kwa Atlantiki. Mfumo huo ungalipo. Cha Tatu kiko San Diego, cha Saba Yokosuka huko Japani, cha Sita Napoli huko Italia, cha Nne Mayport, Florida. Cha Tano kilivunjwa baada ya vita, kikafufuliwa 1995 kwa ajili ya Ghuba, ndiyo maana namba ya Pasifiki leo inakaa Uarabuni.

Wengi hudhani kila kikosi kina meli zake za kudumu. Zipo chache zinazokaa bandari moja, lakini nyingi hupita tu, zikikabidhiwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Manowari ikitoka San Diego iko chini ya Kikosi cha Tatu. Ikivuka mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, hupokelewa na cha Saba. Ikifika kwenye mstari unaoshuka kusini kutoka mpaka wa India na Pakistani, inaingia mikononi mwa cha Tano. Mabaharia ni wale wale, na mpishi jikoni ni yule yule. Kinachobadilika ni admirali anayetoa amri, na kwa hiyo kazi ambayo meli hiyo itapewa kesho yake.

Kwa upande wetu mambo yana utata zaidi. Kwa miaka mingi eneo la Manama lilielezwa kuwa linashuka na pwani ya Afrika Mashariki hadi usawa wa Kenya. Kisha 2008 kamandi ya Marekani kwa ajili ya Afrika ikaanza kazi kamili, makao yake yakiwa Stuttgart, Ujerumani. Ardhi ya Somalia ikahamishiwa Stuttgart, maji yaliyo mbele yake yakabaki Manama. Mwaka huo huo uharamia wa Kisomali ukalipuka. Haramia akiwa juu ya maji alikuwa wa ofisi moja. Akivuta boti mchangani, alikuwa wa ofisi nyingine. Ofisi hizo zina simu, na watu wake walizungumza. Lakini mazungumzo hula saa, na boti ya faiba yenye injini mbili haihitaji saa nyingi kupotea.

Kabla ya Wamarekani walikuwapo Waingereza. Kituo chao cha hapa Juffair kilianza 1935, wakakifunga 1971 Bahrain ilipopata uhuru, na Wamarekani wakaingia katika sehemu yake. Mwaka 2018 Waingereza wakafungua kituo kipya Mina Salman. Ukizungumza na madereva wa teksi wazee wa mji huu, wanausimulia mpangilio huo wote kama habari za wapangaji waliopishana.

Ndani ya ukuta ule wa Juffair kuna kitu kingine ambacho kwetu kina maana zaidi: muungano wa wanamaji wa nchi zaidi ya 40, Kenya na Shelisheli zikiwamo. Wenyewe wamegawana kazi kwa vikosi kazi vyenye namba. Cha 150 kinafanya doria Ghuba ya Oman, Bahari ya Arabu na Bahari ya Hindi, kikisaka magendo. Cha 151, kilichoundwa Januari 2009, ni cha maharamia. Cha 152 kinabaki ndani ya Ghuba. Cha 153 kiliongezwa 2022 kwa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Ukamanda huzunguka baina ya nchi: leo Mpakistani, kesho Mfaransa, keshokutwa Mkanada. Hakuna nchi inayolazimishwa kuleta meli, na kila meli inayokuja hubaki chini ya sheria za kwao. Kwa hiyo manowari mbili zinaweza kusafiri bega kwa bega, zikamwona mtu yule yule akitenda kosa lile lile, na moja ikaruhusiwa kumkamata, nyingine isiruhusiwe.

Jibuti

Huku joto halina mfano, na bendera ni nyingi kuliko miti. Kambi ya Wamarekani ni ya tangu 2002. Wafaransa hawajawahi kuondoka. Wajapani walifungua kituo chao 2011, Waitalia nao wana chao, na Agosti 2017 Wachina wakafungua kambi yao ya kwanza nje ya nchi, upande wa Doraleh. Wote wanatazama mlango mmoja wa bahari, Bab el Mandeb, ambao kwenye sehemu yake nyembamba una upana wa kilomita zipatazo 30.

Ungetarajia wangegawana maji kama Wazungu walivyogawana ardhi Berlin. Walichofanya ni kingine, na katika mambo yote niliyoyaona safarini hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Februari 2009 walikubaliana kuchora njia moja katikati ya Ghuba ya Aden, yenye urefu wa maili za baharini zinazokaribia 500. Ina barabara mbili za maji, ya kwenda mashariki na ya kwenda magharibi, kila moja upana wa maili tano, na baina yake maili mbili zilizoachwa wazi. Meli za biashara hupangwa kwa mwendo: za noti 10 huanza mapema, za noti 18 huanza mwisho, kusudi zote zivuke sehemu ya hatari kwa pamoja usiku. Manowari zinakaa vituo kando ya njia hiyo.

Umoja wa Ulaya ulikuwa umeleta Operesheni Atalanta tangu Desemba 2008. China, iliyotuma meli zake za kwanza mwezi huo huo, haikutaka kuwa chini ya amri ya yeyote. India na Japani pia zilisindikiza misafara yao zenyewe. Basi wakawa wanakutana Bahrain, kwenye mikutano isiyo na mwenyekiti wa kudumu wala mkataba wa kisheria, na kulinganisha ratiba: msafara wako unaondoka lini, wangu uondoke lini, ili wenye meli wasikute misafara miwili saa moja halafu hakuna hata mmoja kwa saa kumi. Mahasimu wakubwa wa dunia walikubaliana juu ya saa hata pale waliposhindwa kukubaliana juu ya mamlaka. Naliandika hili kwa heshima, maana sijaona mahali pengine ambapo kazi ya namna hiyo ilifanyika kimya kimya hivyo.

Mashambulizi ya maharamia wa Kisomali yaliyoripotiwa kwa ofisi ya kimataifa ya usafiri wa bahari yalikuwa 237 mwaka 2011, 75 mwaka 2012, na 15 mwaka 2013. Si doria peke yake iliyoyashusha. Wenye meli walifunga seng'enge kwenye kingo, wakaongeza mwendo, wakapakia walinzi wenye bunduki. Na kuna kusi. Tangu Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapochafua bahari, boti ndogo haiwezi kukaa nje siku mbili, na kila ofisa wa doria anajua kwamba msaidizi wake bora katika miezi hiyo ni upepo ule ule ambao nahodha wa jahazi aliuhesabu tangu enzi za babu zake.

Lakini njia iliyolindwa iliwasukuma maharamia nje yake. Walianza kuteka majahazi ya uvuvi na kuyatumia kama meli mama, wakashuka hadi Shelisheli, wakafika mbele ya Mombasa na Dar es Salaam, kwenye bahari pana ambako manowari moja inaachiwa eneo la ukubwa wa nchi. Jambo la namna hiyo lilijirudia majuzi tu. Mwishoni mwa 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli, manowari zilimiminika Bahari ya Shamu. Februari 2024 Ulaya ikaongeza operesheni nyingine kabisa, Aspides, yenye makao Larissa, Ugiriki. Huku nyuma, Desemba 2023, maharamia wa Kisomali wakateka meli ya Ruen, na Machi 2024 wakateka Abdullah, meli ya Bangladesh iliyokuwa imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo. Ruen ilikombolewa na makomando wa India kutoka manowari Kolkata, na maharamia 35 wakapelekwa Mumbai. India haikuwa imepewa eneo hilo na mtu. Ilikuwapo tu, kwa sababu tangu 2017 imekuwa ikiweka meli zake mahali penye wasiwasi bila kungoja kuitwa.

Victoria

Shelisheli ina kilomita za mraba 455 za ardhi na zaidi ya milioni 1.3 za bahari. Wakazi wake wangetosha wilaya moja ya Tanzania. Boti zao za doria na ndege zao nyingi ni zawadi za India, Emirati na China, na hawaoni haya kulisema.

Mji huu mdogo ndio makao ya kituo cha kikanda cha kuratibu operesheni. Kituo mwenza kiko Antananarivo, Madagaska, na mgawanyo wao wa kazi ni rahisi: Antananarivo inakusanya habari, Victoria inatuma chombo. Mikataba ya vituo hivyo ilisainiwa 2018 na Komoro, Jibuti, Ufaransa kwa ajili ya Réunion, Kenya, Madagaska, Morisi na Shelisheli. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza safarini niliona ramani ya Bahari ya Hindi magharibi iliyochorwa na watu wanaoishi ndani yake, visiwa vikiwa katikati na Ghuba ikiwa pembeni. Nilikaa mbele ya ramani hiyo kwa muda mrefu.

Mombasa

Kutoka kivuko cha Likoni, ukitazama upande wa bandari, Mtongwe inaonekana: makao ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa Desemba 1964. Meli za rangi ya kijivu zimefungwa gatini, nguo za mabaharia zimeanikwa nyuma ya mojawapo. Hapa nilipata jibu la swali langu, na halikutoka kwenye ramani ya kikosi chochote.

Mwaka 2014 mambo mawili yalitokea kwenye maji haya. Aprili, manowari ya Australia, Darwin, ikifanya kazi chini ya Kikosi Kazi cha 150, ilisimamisha jahazi zaidi ya maili 24 za baharini kutoka Mombasa. Katikati ya magunia ya saruji wakakuta kilo 1,032 za heroini. Hapo bahari ya taifa, ambayo ni maili 12, imekwisha, na hata ukanda wa nyongeza ambamo nchi inaweza kusimamia forodha yake umekwisha. Utaratibu wa vikosi hivi katika hali hiyo kwa kawaida ni huu: dawa zinateketezwa, jahazi na watu wake wanaachiwa. Nahodha anarudi Makran, pwani ya Irani na Pakistani, au kokote alikotoka, na ujuzi wake wote wa njia anabaki nao.

Miezi michache baadaye vyombo vya usalama vya Kenya vikakamata meli nyingine, Amin Darya, ndani ya mamlaka ya Kenya, ikiwa na mamia ya kilo za heroini, nyingine ikiwa imechanganywa na dizeli. Mabaharia wakafikishwa mahakamani Mombasa. Meli yenyewe ikalipuliwa baharini Agosti kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta.

Dawa ni ile ile, njia ni ile ile kutoka pwani ya Makran, na wateja ni vijana wale wale wa Old Town, Malindi na Temeke. Kilichotofautisha ni mstari. Kwa haramia, sheria ya bahari ya 1982 iko wazi: nchi yoyote inaweza kumkamata kwenye bahari kuu, na mahakama zake zikamhukumu. Ndiyo maana Kenya iliweza kuwapokea maharamia waliokamatwa na Wazungu, ikawafunga Shimo la Tewa. Kwa msafirishaji wa heroini hakuna ruhusa ya namna hiyo kwa kila mtu. Jahazi lisilo na bendera unaweza kulipanda na kulipekua. Kumshitaki nahodha ni jambo jingine, linalohitaji nchi iliyojiandaa kisheria na iliyo tayari kumpokea. Tangu siku niliyoelewa hivyo nimeacha kuuliza maji haya ni ya Kikosi cha ngapi. Ninauliza: akikamatwa mtu hapa, anapelekwa kwa hakimu gani? Kama jibu ni "hakuna", basi doria hiyo inamwaga dawa baharini, na mwenye biashara ataihesabu kuwa hasara ya kawaida na kutuma jahazi jingine.

Pengo kati ya doria mbili si jambo jipya kwenye pwani hii. Ndani ya Fort Jesus kuna mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa na makao Dar es Salaam. Wakati huo Waingereza walikuwa wamegawa bahari kwa stesheni: pwani yetu ilikuwa ukingoni mwa Stesheni ya Cape, iliyoongozwa kutoka Simon's Town, na kaskazini yake, maji ya Aden na Uarabuni, yalikuwa ya Stesheni ya East Indies. Tarehe 31 Julai 1914 Königsberg ilitoka Dar es Salaam. Meli za Cape zikaikuta jioni hiyo, ikazikimbia kwa mwendo. Siku sita baadaye ilikuwa mbali kaskazini, imeiteka meli ya chai ya Waingereza, City of Winchester, karibu na Oman. Kisha ikarudi, na asubuhi ya Septemba 20 ikaizamisha Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa mashine zake bandarini Unguja. Baadhi ya waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani. Ilichukua hadi Julai 1915, kwenye matope ya delta ya Rufiji, kuimaliza.

Kuna migawanyo mingine juu ya maji haya haya ambayo watu wachache wanaijua. Matangazo ya hatari kwa mabaharia, kama vile taa iliyozimika au mabaki yanayoelea, dunia imeyagawa kwa kanda 21, na ya kwetu inaratibiwa na India kutoka Dehradun, mji ulio chini ya milima ya Himalaya. Uokoaji una mgawanyo wake: kituo cha kikanda cha Mombasa, kilichofunguliwa 2006, kinabeba eneo linalopita maji ya Kenya peke yake. Kwa habari za uharamia, mwongozo uliokubaliwa Jibuti 2009 uliweka vituo Sana'a, Mombasa na Dar es Salaam. Mahali pamoja baharini, kwa hiyo, panaweza kuwa pa Manama kwa doria, pa Dehradun kwa onyo, pa Mombasa kwa uokoaji, na pasiwe pa mtu yeyote kwa hukumu.

Vanga

Kijiji cha mwisho cha Kenya kusini, mikoko kila upande. Mashua zinaingia maji yakijaa. Nilimkuta nahodha mmoja akishona jarife chini ya kivuli, sindano ya mti mkononi, kidole gumba kikiwa kimekatwa na uzi mara nyingi kiasi kwamba ngozi yake imekuwa kama soli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nikamuuliza mpaka wa Tanzania unapita wapi. Hakuinua macho.

"Sisi mpaka tunaujua kwa askari. Akikushika, ndiyo umevuka."

Ana jamaa Moa, ng'ambo ya pili, na ndugu wa mkewe wako Pemba. Kaskazi ikiingia, wavuvi wa Pemba huja kudago huku, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa. Watu wa Vanga nao hufuata samaki kusini. Ameona wenzake wakinyang'anywa injini kwa kukosa leseni, upande huu na upande ule.

Nilikuwa na nakala ya barua ambazo Kenya na Tanzania zilibadilishana na kukamilisha 1976, ndizo zilizoweka mpaka wa bahari kati yao. Mwaka 2009 mpaka huo uliongezwa hadi bahari ya mbali. Haukuhitaji mahakama, tofauti na mpaka wa Kenya na Somalia uliofika The Hague, ukahukumiwa Oktoba 2021, na Kenya ikaikataa hukumu. Ndani ya barua hizo za 1976 mna kifungu ambacho sijaona mfano wake katika ramani zote za Manama na Jibuti: wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa riziki yao waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka, kwa kufuata taratibu zilizopo. Waliouchora mstari huo waliwakumbuka watu watakaouvuka kila siku, wakawaachia nafasi kwa maandishi.

Nilimsomea. Akaweka sindano chini.

"Hilo limeandikwa?"

"Limeandikwa, mzee. Serikali zote mbili zilikubali."

"Lugha gani?"

"Kiingereza."

Akaniomba niliandike kwa Kiswahili, apeleke ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Niliandika, na mpwa wake akalipiga picha kwa simu. Kisha tukabishana, na ubishi wake ulikuwa wa haki. Mvuvi wa riziki ni yupi leo? Mwenye ngalawa na mshipi ni dhahiri. Mwenye boti ya faiba, injini ya farasi 40 na mabaharia kumi na wawili, anayemuuzia samaki wake tajiri wa Mombasa, je? Mzee alisema huyo wa pili naye ana watoto wanaokula. Mpwa wake akasema huyo ndiye anayemaliza samaki wa wote wawili.

Nairobi na Dodoma zina wanasheria na maofisa wa doria wa kutosha kuliandikia swali hilo jibu, lenye vipimo vya chombo, nyavu na idadi ya watu, ambalo askari wa pande zote mbili watalibeba mfukoni. Wakikaa kuliandika, watu wa Vanga, Moa na Pemba wawepo mezani tangu siku ya kwanza, na karatasi itakayotoka iwe ya Kiswahili.